Krimu ya wifi yangu imenitakatisha uso, ila nikiiacha siku mbili naungua

Shikamoo mama. Pole na kazi ya kusoma matatizo ya watu. Naomba usiweke jina langu wala mtaa, sema tu niko Dar, upande wa Mbagala, nina miaka 27, nimeolewa, nina mtoto mmoja wa mwaka na miezi mitatu, kazi yangu kusuka, nina kibaraza changu nyumbani ndo nasukia watu hapo.

Mama, tatizo langu ni krimu. Najua utacheka, wenzangu wanakuandikia waume wametoroka mi nakuja na krimu, ila hii krimu imeingia mpaka kwenye ndoa yangu na sasa imefika kwa mtoto wa mtu.

Ilianza mwaka jana kipindi cha joto, nikatokwa na kitu mapajani kwa ndani, huku juu kabisa kwenye pindo la nguo ya ndani, duara linawasha balaa, usiku nakuna mpaka damu. Wifi yangu, dada yake mume wangu, anauza duka la dawa mtaa wa pili. Nikamwambia, hakuniangalia (na mi nisingekubali aniangalie huko), akanipa tyubu akasema hii ni tatu kwa moja, fangasi, bakteria na muwasho vyote vinakufa, kiboko ya yote. Na kweli mama, siku ya pili tu muwasho kimya. Siku ya tano nikaacha nikajua nimepona. Wiki haikuisha kikarudi, kikubwa kuliko mwanzo. Nikapaka kikapoa, nikaacha kikarudi, huu sasa mwezi wa kumi na moja ndo mchezo wetu. Na kile kiduara siku hizi hata si duara, ni weusi fulani umesambaa mpaka makalioni, hauna mwanzo wala mwisho.

Sasa kosa langu. Nilikuwa na chunusi na madoa usoni toka nijifungue, siku moja nikajisemea hii dawa si inaua kila kitu, nikapaka na usoni. Mama, wiki mbili nilikuwa nang'aa! Wateja wananiuliza dada unatumia nini, mume wangu naye, mtu ambaye hata nikibadili mtindo wa nywele haoni, akaniambia siku hizi umekuwa kama tulivyoonana mara ya kwanza. Niliringa. Nikawa napaka kila siku asubuhi na jioni, tyubu moja haimalizi wiki, wifi ananipa kwa bei ya jumla.

Mwezi wa tatu mwaka huu nikasafiri kwenda msibani kijijini nikaisahau. Siku ya pili uso ukaanza kuwaka kama nimepaka pilipili, mwekundu, vipele vidogo vidogo vimezunguka mdomo, ngozi inavuta. Niliporudi nikapaka, saa chache kimya. Toka hapo nikijaribu kuacha tu inanirudia vilevile, kwa hiyo siachi. Na juzi naoga nikaona mapajani michirizi, myekundu inaelekea zambarau, kama nimechapwa fimbo. Siku hizi nazima taa kabla mume wangu hajaingia chumbani.

Mtoto naye alipata wekundu kwenye pampasi nikampaka hiyo hiyo. Ikapoa, ikarudi, sasa hivi ni nyekundu nyekundu na vidoti pembeni vimeruka mpaka tumboni. Namwonea huruma.

Lakini kinachoninyima usingizi ni mtoto wa mteja wangu. Mama mmoja aliniletea binti yake wa miaka sita nimsuke, nikamwona ana mapunye, nikamwambia usihangaike, nikamchotea krimu kwenye kikopo cha mafuta ya nywele, nikachukua buku mbili. Wiki tatu baadaye kaja naye, kichwani kuna uvimbe laini kama sponji, unatoa usaha, nywele zimeanguka pale juu. Yule mama wala hanilaumu, anasema itakuwa zile rasta alizosukwa kwa mtu mwingine. Mi nikakaa kimya mama. Nilikaa kimya nikamwambia pole.

Nilipomgusia wifi akaniuliza, unataka nifukuzwe kazi? Na huyu wifi ndo aliyelipa hospitali nilipojifungua kwa kisu, mume wangu hakuwa na hata mia. Mume ukimwambia anasema dada yangu kasomea hiyo kazi, wewe umesomea nini, acha mambo ya kwenye simu. Bima sina. Hospitali naogopa, niende nikavue nguo nionyeshe mapaja yale?

Niache krimu uso uharibike wateja wanikimbie na mume arudi kutoniona? Nimwambie yule mama ukweli? Nivunje udugu na wifi? Nishauri mama yangu, mi nimechoka kuzima taa.

Wako, msusi.

---

Marahaba mwanangu, na sijacheka hata kidogo. Barua yako nimeisoma mara mbili, mara ya pili nikasimama kufunga mlango, maana nimekumbuka mambo yangu. Kabla sijawa mtu wa kukaa na kushauri watu nilisimama nyuma ya kaunta ya duka la dawa miaka tisa. Krimu za tatu kwa moja nimeziuza mpaka basi. Mtu anakuja anajikuna, ameshika elfu nne, hospitali ni foleni ya asubuhi mpaka saa tisa, unampa tyubu, keshokutwa anapita anakupungia mkono, umekuwa daktari wa mtaa. Wale waliorudi baada ya miezi sita na mapaja kama yako nilikuwa nawaona wasumbufu. Kwa hiyo ukisikia namtetea wifi yako humu ndani, jua na mimi nimo.

Ngoja nirudie ulichoniambia nione kama nimekuelewa. Una ugonjwa wa mapajani usiopona, una uso usiokubali kuachishwa dawa, una mtoto mwenye wekundu kwenye pampasi, na kuna binti wa watu mwenye uvimbe kichwani. Ngozi nne, na zote umezipaka tyubu moja. Juu ya hapo kuna wifi unayemdai ukweli na yeye anakudai fadhila, kuna mume anayesifia, na kuna ukimya wako mbele ya yule mama. Umeniuliza kuhusu krimu lakini naona kinachokuuma zaidi ni huo ukimya. Nimekosea?

Tuanze na krimu kwanza maana bila hiyo hayo mengine hatuyagusi vizuri.

Ndani ya tyubu ile mara nyingi kuna vitu vitatu. Kuna steroidi, mara nyingi betamethasoni au klobetasoli, kuna antibayotiki kama jentamisini au neomisini, na kuna dawa ya fangasi kama klotrimazoli. Kwenye boksi soma yale maandishi madogo, jina likiishia na herufi s-o-n-e, au ukiona linaanza na clobeta, hiyo ni steroidi. Kazi yake ni kutuliza, inawaambia askari wa mwili waliojaa pale kwenye ngozi wakae chini, wekundu unaisha, uvimbe unashuka, muwasho unakata. Ndo maana siku ya pili ulikuwa kimya. Lakini fangasi mwenyewe hakufa siku ya pili, fangasi anahitaji wiki mbili mpaka nne za dawa yake, na unatakiwa uendelee kupaka hata baada ya ngozi kuonekana safi. Wewe ulipoa mwanangu, hukupona. Ukaacha siku ya tano wakati askari bado wamelala, fangasi akapata uwanja. Hilo la duara kupoteza umbo, weusi usio na mwanzo wala mwisho, madaktari wa ngozi wanalijua sana, ni choa kilichofichwa na steroidi, hata daktari mzoefu anaweza kukiangalia asikijue mpaka akwangue ngozi kidogo aipeleke kwenye hadubini. India jambo hili limewatesa miaka, choa kimekuwa sugu mitaa kwa mitaa, mpaka mwaka 2018 serikali yao ikaamua steroidi za kupaka zisiuzwe bila cheti cha daktari.

Swali ambalo hukuniuliza ila nakuuliza mimi: mumeo naye hajikuni? Choa cha mapajani kinaambukiza, kinapita kwenye taulo, kwenye shuka, kwenye nguo za ndani, na mara nyingine kinaanzia kwenye fangasi za miguuni, mtu anavaa chupi kwa kupitisha miguu yenye fangasi anakipandisha juu mwenyewe. Inawezekana kila ulipopoa kuna mtu kitandani alikurudishia. Na ukinenepa, ukiwa na sukari, au kinga ikishuka kwa sababu yoyote, fangasi anapenda, kwa hiyo wakikupima hayo hospitalini usione wanakudhalilisha.

Usije ukadhani nasema krimu hii ni sumu, hapana. Mtu mwenye pumu ya ngozi aliyejikuna mpaka pakaingia bakteria, panatoa maji na magamba ya njano, krimu ya steroidi na antibayotiki kwa siku chache inamsaidia vizuri sana, ndo kazi iliyotengenezewa. Ila mtu huyo kaangaliwa kwanza, kaambiwa ni nini, na kapewa siku. Kawaida ni siku saba, isizidi wiki mbili, na kama siku chache zimepita hakuna nafuu unarudi, huongezi tyubu. Anapaka mara moja au mbili kwa siku, tena kidogo: unaminya kutoka ncha ya kidole cha shahada mpaka kwenye mkunjo wa kwanza, hiyo ni kama nusu gramu na inatosha eneo la viganja viwili vya mtu mzima pamoja na vidole vyake. Sasa piga hesabu na wewe. Tyubu ya gramu 15 ni vipimo kama hivyo 30. Ukiimaliza kabla ya wiki ujue unajipaka zaidi ya vinne kwa siku, kila siku, miezi. Na hiyo inapakwa pale palipo na ugonjwa tu, haipakwi kama losheni, haipakwi karibu na macho, na tyubu haiazimwi. Mimi nilikuwa nawaandikia watu tarehe ya kuacha juu ya boksi kwa kalamu, hicho ndo kitu kimoja ninachojivunia kwenye ile miaka tisa.

Haya, uso.

Umeandika kama vile kuna uso mzuri ulionao na kuna uso mbaya unaokusubiri ukiacha krimu. Mi naomba tuutazame upya. Kung'aa kule kulitokea kwa sababu steroidi inabana vimishipa vya damu na inapunguza rangi ya ngozi, watengeneza mkorogo wanalijua hilo ndo maana wanaitia humo, na ndo maana serikali yetu imeiweka kwenye orodha ya vitu vilivyopigwa marufuku kwenye vipodozi, pamoja na zebaki na haidrokwinoni. Lakini huku inatakatisha, chini inaipunguza ngozi unene. Vile vipele vinavyozunguka mdomo imevileta yenyewe, kisha inavifunika, ukiiondoa kifuniko kinatoka. Wewe unaona maradhi yanarudi kwa sababu umeacha dawa. Na mimi nakuuliza, je kama dawa ndo maradhi? Kuungua kule kuna watu wengi kumewakuta, mwaka 2021 mamlaka ya dawa ya Uingereza ilitoa tahadhari juu ya hali hiyo hiyo, ngozi kuwaka baada ya kuacha steroidi iliyopakwa muda mrefu. Kwa hiyo huna laana na huna ngozi ya ajabu.

Njia ziko mbili, na kila moja ina gharama yake. Kuna kuacha mara moja. Utaungua, utakuwa mwekundu, inaweza kuchukua wiki, wengine miezi, na siku ya nne ya tano hapo mkono utaitafuta tyubu wenyewe. Faida yake unaanza kuhesabu siku za kupona leo. Na kuna kushushwa taratibu, daktari anakupa steroidi dhaifu zaidi, unapaka kwa siku alizosema, kisha unaacha, pengine na dawa ya kumeza ya vile vipele. Hii inauma kidogo kuliko kuacha mara moja, ila inataka mtu wa kukusimamia, ukijishusha mwenyewe utajikuta mwakani bado unajishusha. Madaktari wenyewe hawafanani hapa, wanaamua kwa kuuangalia uso ulio mbele yao. Kama unanyonyesha au unahisi una mimba mwambie mapema, baadhi ya hizo dawa za kumeza hutapewa. Na ukiacha ukaona unaishiwa nguvu, kizunguzungu, unatapika, usisubiri foleni ya kesho, mwili uliopokea steroidi nyingi kwa muda mrefu unaweza kuwa umesahau kutengeneza ya kwake, kuna tezi mbili ndogo juu ya figo ndo zenye kazi hiyo na huwa zinazubaa. Kama macho yanaona ukungu, sema pia.

Ukisubiri kuonwa, uso uoshe kwa maji ya kawaida, vaselini isiyo na manukato, kitambaa cha maji baridi ukiwaka, kofia juani. Usiweke limao, usiweke aloe vera ya jirani, usiweke chochote cha wateja wako.

Michirizi ya mapajani sitakudanganya, ile rangi ya zambarau itafifia, alama yenyewe haitaondoka yote. Nimeandika sentensi hii nikaifuta nikaiandika tena, maana najua utaisoma usiku.

Mtoto sasa. Kwa mtoto usipime faida na hasara, acha kumpaka leo. Ngozi yake ni laini, mwili wake mdogo ukilinganisha na ngozi aliyonayo, na pampasi inafanya kazi ya mfuniko wa sufuria, dawa inaingia mwilini zaidi kuliko kwako. Wekundu wenye vidoti vilivyoruka pembeni mara nyingi ni fangasi wa kandida, na dawa yake ni ya fangasi peke yake, bila steroidi, pamoja na kumwacha hewani kila unapoweza na kubadilisha pampasi kabla haijalowa sana. Ila mpeleke kliniki yake, kadi si unayo, sema umempaka nini na kwa muda gani. Kama umeona mashavu yamejaa ghafla uso umekuwa duara, au ananenepa huku harefuki, hilo lisisubiri tarehe ya kadi.

Na yule binti. Huyu kwangu ndo wa kwanza kabisa kati yenu wote, nimemchelewesha kwenye jibu ila wewe usimcheleweshe. Uvimbe laini unaobonyea, usaha, nywele zinatoka bila kuvutwa kwa nguvu, hiyo inafanana sana na mapunye yaliyochachamaa, wataalamu wanaita kerioni, mwili umeamka kwa hasira kupigana na fangasi. Watu wanadhani ni jipu wanakwenda kulipasua, halitakiwi kupasuliwa. Na halitibiwi kwa krimu yoyote, kwa sababu fangasi wa kichwani anakaa ndani ya unywele na chini kwenye shina lake, krimu haifiki, anatakiwa vidonge, grizeofulvini au terbinafini, wiki nyingi tu. Likicheleweshwa pale juu nywele zinaweza zisiote tena maisha yake yote. Binti wa miaka sita.

Je wewe ndo ulisababisha? Hapa nataka ukae na swali badala ya jibu ulilojipa. Mapunye huwa yanachachamaa yenyewe bila krimu ya mtu. Inawezekana krimu yako haikufanya kitu, inawezekana iliyaficha mpaka yakakomaa, inawezekana ilimfanya mama yake aahirishe hospitali wiki tatu akijua mtoto ana dawa. Hilo la tatu ndo ningelilala nalo mimi.

Kumwambia kuna sura nyingi. Unaweza kumwambia yote: ile niliyokupa haikuwa ya mapunye, nilidhani inasaidia, naomba nikusindikize na hii buku mbili yako. Anaweza kukasirika, anaweza kusema mtaa mzima, msusi jina lake ndo duka lake, nalielewa hilo. Unaweza kumwambia nusu, yaani nimeuliza mtu anayejua, huo uvimbe uwahishwe hospitali, uwaonyeshe na kikopo. Mtoto anapata tiba, wewe unabaki na nusu iliyobaki kifuani. Ila hata kwenye nusu hiyo kikopo kiende, maana daktari asipojua alipakwa nini anaweza kutibu kitu kingine. Na unaweza kuendelea na pole. Hiyo ya tatu umeshaijaribu, na ndo iliyokufanya uniandikie.

Halafu ukiwa hapo, vitana vyako. Mapunye yanapanda kwenye kitana, kwenye kitambaa, kwenye mashine ya kunyolea. Huenda kuna vichwa vingine.

Tuje kwa wifi. Umemsoma kama mtu anayelinda kazi yake, na pengine ni kweli. Mi nasikia na kitu kingine kwenye lile swali lake, nasikia hofu. Haya maduka ya dawa muhimu yalianza kwa majaribio Ruvuma mwaka 2003 ili dawa zisiishie mjini tu, na wauzaji wake wengi walipewa mafunzo ya wiki kadhaa, si ya miaka. Sijui wifi yako kasoma wapi na mpaka wapi, mumeo anasema kasomea, sawa. Lakini yeye alikupa krimu kwa ajili ya duara la mapajani, hajui kuhusu uso, au anajua? Tyubu moja kwa wiki kwa bei ya jumla, alidhani unazipeleka wapi? Labda alidhani unauza. Labda anajua na hataki kujua. Kuna vitu alikosea, kutouliza, kutokupa siku, na kuna vitu ulivipaka mwenyewe bila yeye. Ukienda kwake na mzigo wote ukamwangushia, ataukataa wote. Ukienda na wa kwako mkononi, "wifi nilipaka mpaka usoni, ona", unaweza kupata msikilizaji. Au usipate. Fadhila ya ile hospitali inabaki fadhila, haifutwi na tyubu, na pia hailipwi kwa ngozi ya mtoto. Kuna watu watakuambia mripoti. Njia hiyo ipo, na kama utaona anaendelea kuwapa watu wenye watoto wachanga utaifikiria, lakini sidhani kama ndo pa kuanzia leo jioni.

Mumeo unasema atarudi kutokuona. Mwanangu, kwa sasa anaona nini? Umezima taa. Anasifia uso, mapaja hayajui, maumivu hayajui, labda na yeye anajikuna anaficha. Sikwambii uwashe taa usiku wa leo kwa sababu nimesema mimi. Ila siku utakayoamua, pengine ile michirizi itaongea na mwanaume huyo kuliko maneno ya kwenye simu, na ukifika hapo mwombe na yeye aonwe, maana mkitibiwa mmoja mmoja mtarudishiana mpaka Pasaka.

Kuhusu hospitali na aibu. Uliza kwenye hospitali za rufaa za mkoa hapo Dar, Temeke ni karibu na wewe, kuna Amana, kuna Mwananyamala, uliza siku ya kliniki ya ngozi na bei ya kumwona daktari kabla hujapanga foleni. Pale hospitali ya KCMC, Moshi, kuna kituo cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi toka miaka ya 1990, wanaotoka pale wametawanyika mikoani, unaweza kumkuta tabibu wa ngozi usipotegemea. Mtu aliyesomea ngozi ameshaona mapaja kuliko wewe ulivyoona vichwa, na una haki ya kuomba mwanamke akuangalie, au muuguzi wa kike awemo chumbani. Na hata hilo baka la mapajani, usidharau kuangaliwa, baka lisilowasha na usilolihisi ukiligusa linaweza kuwa ukoma, bado upo nchini na dawa yake ni bure, upele wa kuambukiza nao ukipakwa steroidi unajificha vilevile nyumba nzima mkiwa mnajikuna. Ndo maana sitaki kukuambia kutoka huku niliko "nunua hii acha ile" ya mapajani, hata kama moyo wa muuza dawa unanituma.

Pesa ikiwa ya mtu mmoja tu wiki hii najua utajisahau wewe. Mtoto wako kliniki yake haitakula pesa nyingi, binti wa watu ana mama yake, ukienda na buku mbili yake na miguu yako ya kumsindikiza inatosha kuanzia. Wewe ukifuata mwisho wa mwezi bado si mwisho wa dunia, mradi katikati hapo hujaongeza tyubu nyingine.

Hiyo iliyobaki usiitupe. Iweke kwenye mfuko na boksi lake, na kile kikopo cha mafuta ya nywele, uende navyo. Daktari atakuuliza "ulikuwa unapaka nini", na wewe utakuwa na kitu cha kumwonyesha hata kama mdomo utakuwa mzito. Uniandikie tena ukishaonwa, nataka kujua ya yule binti.